Zako Tia Maji

Telegramu iliingia saa tano usiku,
tarakimu tano tano, kama shanga zilizokatika uzi.
Nilizitunga upya chini ya taa ya kijani,
mimi, Padri Ottorino Bressan,
mwandishi katika ubalozi wa Baba Mtakatifu mjini Den Haag,
niliyefundishwa Roma kwamba neno zuri
ni lile linalokunjika pande zote mbili lisivunjike.

Hili halikukunjika.
Watakuja. Huenda ni wiki hii. Wafahamisheni wenyeji.

Mwezi uliopita Denmaki ilinyolewa kwa asubuhi moja,
kahawa haijapoa vikombeni.
Norwe ilikuwa bado imeshikwa kichwa, inafurukuta.
Na mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Waholanzi walitia. Kweli walitia.
Driekus Verhagen, kaka yake mpishi wetu Aleida,
bawabu wa milango ya maji kule Gorinchem,
mwenye vidole vinane na funguo kumi na mbili,
alifungua, na mto ukaingia mashambani
taratibu, kama mgeni mwenye haya.
Ukafunika matuta ya viazi. Ukafunika nguzo za ua.
Ng'ombe wakapandishwa juu ya boma, wakawa wanatazama kwao.
Maji ya magotini tu, ndiyo hesabu yenyewe:
mengi mno kwa buti la askari,
machache mno kwa mashua yake.

Asubuhi nilivaa kanzu safi nikaenda wizarani.
Bwana van Heukelom alinimiminia kahawa.
"Padri, tangu Novemba tunaambiwa kesho.
Kesho ya Novemba, kesho ya Januari, kesho ya Pasaka.
Likizo za askari nimezifuta na kuzirudisha
mpaka wake zao wananichukia kwa jina.
Habari hii mmeipata kwa nani?"
Nikasema, sina ruhusa.
"Na Roma inatushauri nini?"
Nikasema, Roma haishauri. Roma inafahamisha.
Akacheka, wala si kwa dharau.
"Basi tumefanana. Ninyi hamna upande, sisi hatuna upande.
Tumesimama katikati ya barabara
tukiyaonyesha malori viganja vitupu."

Nilirudi kwa miguu.
Mtu alikuwa juu ya ngazi anaosha madirisha ya benki,
kioo kwa kioo, hata pembe hakuziacha.

Jikoni, Aleida anamenya viazi.
"Padri, jeshi likija, hubisha hodi?"
Kiapo kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Nikamwambia: nunua chumvi. Nunua mishumaa.
Mwite kaka yako aje ashinde nasi Ijumaa.
Siri ya dola nzima, na hicho ndicho nilichoweza kuivujisha.
Alinitazama kwa muda, kisu kimesimama.
"Driekus haachi funguo zake," akasema.

Kinyozi alikuja Ijumaa, alfajiri,
kwa juu.
Miamvuli myeupe ikateremka nyuma ya maji,
mingi, bila haraka,
wakatua pakavu.
Hodi hawakubisha.
Kule Gorinchem mafuriko yalilala kimya yakiakisi ndege,
na hakuna aliyekuwa amekumbuka kutia maji mbinguni.

Usiku tarakimu ziliingia tena.
Safari hii maneno yalikunjika vizuri mno:
majonzi, sala, baraka za kibaba,
taifa pendwa lirudishiwe haki yake.
Jina la aliyekuja halimo.
Nililitafuta mara tatu, nikidhani nimekosea kutoa,
nikafungua kitabu cha siri ukurasa baada ya ukurasa,
vioo vikitetema, vumbi la dari likidondokea wino.

Aleida alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya mchanga.
"Wanasemaje Roma?"
"Wanatupa pole."
"Pole?" akasema. "Kwani tumejikwaa?"